Mwezi Mmoja Kitandani kwa Mama

Mimi na kitu kibovu hatupatani. Miaka kumi na minane nimefuma sweta za shule, na hakuna iliyorudi mlangoni kwangu ila mwenyewe alikuwa amekua. Sheria yangu ni moja tu: kila kitu kipya hukaa kwanza mwezi mzima kwa mama. Mama alikuwa msokotaji wa nyuzi, na vidole vyake havina huruma. Atavuta, atakwaruza, atakalia. Kisipokufa, nakiuza.

Basi yakaingia haya mablanketi manene yanayofumwa kwa mikono mitupu, bila sindano, kila kitanzi kinaingia ngumi. Sufu yake haijasokotwa, ni manyoya yaliyooshwa na kuchanwa tu, yakavutwa yakawa kamba nono. Nilimaliza moja kwa siku moja. Zuri, jamani, zuri mno!

Mama aliligusa akaguna. "Mwanangu, sufu isiposokotwa kila unyoya unakwenda kwao."

"Mama, we lalia tu. Mwezi ukiisha utaniambia."

Nilikuwa na haraka. Shule zilikuwa zimehamia sweta za mashine, na mkuu wa nyumba ya kulelea wazee alikuwa anataka mablanketi ishirini na manne. Nikiikosa kazi ile, nafunga duka, basi.

Kila asubuhi nilichungulia chumbani kwa mama. Shuka safi. Blanketi safi, hata kinundu kimoja hakuna. "Vipi, mama?" "Salama tu." Wiki ya tatu akanipa mto alioushona kwa gauni lake la zamani, eti shingo yangu inaumia kwa kufuma. Sijawahi kulalia mto laini vile. Nilipomuuliza ameujaza nini, akasema matambara matambara.

Siku moja kabla mkuu hajaja, nililitandua blanketi nilikunje vizuri. Nikaliinua dirishani, nikaona mwanga unapita. Upande wa miguuni, ile kamba nene ilikuwa imebaki kama kidole. Nikaivuta kidogo, ikaachana mkononi bila hata sauti.

Nikaukumbuka ule mto laini. Mguu mosi mguu pili hadi chumbani kwangu, nikafumua mshono wake. Sufu tupu! Sufu ya wiki tatu, imeviringwa vidonge vidonge.

"Mama! Ningewapelekea wazee wenye vifua vibovu wavute manyoya puani? Wewe ndiye kipimo changu, unanidanganyaje?"

Mama alitazama vidole vyake. "Nilikuwa naamka mapema nachambua kabla hujaingia."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa unaimba ukilifuma. Tangu tumzike mumeo sijakusikia ukiimba. Nikasema nikikwambia, utanyamaza tena."

Hasira haikuisha, nisiseme uongo. Nilinuna mpaka jioni, na ndani ya kununa huko nililia, maana hata mimi sikujua kama nilikuwa naimba.

Mkuu alipofika nilimwekea mezani blanketi na mto uliofumuliwa, nikamsimulia na alichofanya mama. "Hili limelaliwa na mtu mmoja, mwezi mmoja, na halijafuliwa hata mara moja. Wewe una wazee wangapi?" Nikamwonyesha na lingine nililolifuma zamani, jembamba, la uzi uliosokotwa. "Hili nalifuma wiki nzima. Lakini wajukuu watalirithi."

Alilivuta kwa nguvu zake zote. Halikujali. "Nipe manane, tuone," akasema. "Ila huyu mama asiyajaribu. Nitayalalia mwenyewe."

Mama alicheka mpaka akakohoa. Manane si ishirini na manne, lakini duka halikufungwa.

Mgeni alipotoka, mama aliumwaga ule mto mapajani, akaanza kusokota. Sufu ileile ikawa inatoka vidoleni mwake uzi mwembamba, mgumu. Nilijaribu kuukata, nikashindwa.

"Imba basi," akasema.

"Siwaimbii waongo."

Akaendelea kusokota. Nami nikachukua sindano zangu, nikaanzisha blanketi la kwanza. Nilipofika safu ya nne aliacha kusokota, akainamisha kichwa kunisikiliza.