Ubao wa Nyumba Namba Kumi na Saba

Wewe ungefanyaje, kama mjukuu uliyemlea kwa mikono yako angekuja kukutembelea kila Jumapili na chakula chake kwenye bakuli la mfuniko?

Wangu ni mtaalamu wa bakteria. Ameandika makala kumi na tisa kuhusu vijidudu vya kwenye chakula vinavyokataa kufa kwa dawa, nami ninazo zote, nimezipanga kabatini juu ya mashuka. Nilisoma mpaka darasa la sita, kwa hiyo husoma jina lake pale mbele, kisha nafunga. Lakini tangu makala ya nne hajala kwangu. Akifika hunawa mpaka viwiko, hukaa, hufungua bakuli lake.

"Kuku wangu amekukosea nini, mke mwenza?" nilimuuliza siku moja.

"Hajanikosea, Bibi. Nimeshiba tu."

"Umeshiba na bado unatafuna?"

Akacheka, akaendelea kutafuna.

Mwaka jana akaanza utafiti kwenye nyumba arobaini za mtaa wetu. Kila nyumba ilipewa kijiti chenye pamba kichwani, kichupa, na karatasi ya namba. Unapaka kijiti kwenye ubao wa kukatia nyama, unakitumbukiza kichupani, unafunga. Nikaomba changu.

"Ndugu hawaruhusiwi, Bibi. Watasema nimependelea."

"Kumbe bakteria nao wana ukoo!"

Cha jirani yangu, Mama Mapazia, alikiacha kwangu, maana mwenyewe alikuwa amesafiri. "Akirudi umpe. Namba kumi na saba."

Nilikitazama kile kijiti siku mbili. Siku ya tatu nikachinja jogoo, nikamkatia juu ya ubao wangu, nikausugua ubao kwa sabuni mpaka mabega yakauma, ndipo nikapitisha kijiti kwenye kila ufa, nikakirudisha kwa mjukuu kama cha kumi na saba. Hesabu yangu ilikuwa fupi: majibu yakitoka safi, namwambia ni yangu, na bakuli lile linabaki kwake.

Jumapili ya majibu aliingia mbio, hata mikono hakunawa.

"Bibi, nimempata! Dawa saba, hakuna hata moja inayomtisha!"

Furaha ile mtu huwa nayo akipata mchumba. Akanionyesha picha kwenye simu: kisahani cha jeli, na juu yake vidoa saba vya karatasi iliyoloweshwa dawa. Dawa ikifanya kazi, akasema, huacha duara tupu kuizunguka. Pale hapakuwa na duara hata moja. Bakteria wamejazana mpaka ukingoni mwa dawa, kama watu kwenye harusi isiyo na kadi.

"Nyumba ipi hiyo?" nikauliza.

"Kumi na saba. Hii ndiyo makala ya ishirini, Bibi, nikiitoa nakuwa profesa. Kesho naenda kwa Mama Mapazia na afisa wa afya. Yule anapikia watoto wa shule, itabidi asimamishwe kwanza."

Kupitia dirishani nilimsikia Mama Mapazia akisugua masufuria yake, anaimba.

"Usiende," nikasema.

"Kwa nini?"

"Ule ubao ni wangu."

Akakaa taratibu. Kisha akauliza kwa sauti ya kazini, "Kuku wako unawapa dawa?"

"Wakizubaa tu. Nafungua kapsuli, namimina kwenye maji yao. Miaka yote."

"Kapsuli za wapi?"

Nikamletea kopo. Mlikuwa na mabaki ya dawa za kikohozi cha baba yake, za kidonda cha shangazi yake, na juu kabisa pakiti aliyoandikiwa yeye alipong'olewa jino: dozi ya siku saba, amemeza za siku tatu. Jina lake lilikuwa pale mbele, kama kwenye makala. Akaisoma ile pakiti mbele na nyuma.

Baadaye akafungua daftari na kuukata mstari wa kumi na saba. Kalamu ikatoboa karatasi.

"Zimebaki thelathini na tisa, zote za kawaida," akasema. "Mwaka mzima wa kazi, Bibi! Hivi ulikuwa unataka nini?"

Nilikuwa na uongo mzuri tayari, kwamba nilitaka kuisaidia sayansi. Ukakataa kutoka.

"Nilitaka ule kwangu," nikasema.