Ikulu Isiyo na Paa

Mimi ni Magdalene, mama yake Kui, na nikikwambia nina hasira usidhani ni ya leo. Ni ya miaka kumi na mitatu. Ilianza siku mume wangu Zacharia alipochora ramani ya nyumba nyuma ya kalenda ya kanisa: vyumba saba, ngazi ya kuzunguka, na sebule ya kukaribisha watu arobaini. Ploti tulikuwa tumenunua sisi wawili huko mtaa wa Landless, yeye kwa mshahara wa kiwandani, mimi kwa mapazia ya mitumba ninayouza sokoni Thika. Nikamuuliza, "Baba Kui, hawa watu arobaini ni akina nani?" Akaniambia sina maono.

Sawa, sina maono. Lakini macho ninayo. Kila Desemba niliziona zile kuta zikipanda mistari miwili ya mawe, halafu zinasimama. Zilipofika linta, pale juu ya madirisha, zikakwama kabisa. Paa hakuna. Jikoni umeota mpapai na umeshazaa mara nne. Kitu pekee chenye mabati kwa ile ploti ni kistoo cha fundi, pale pembeni, cha kuwekea saruji. Na sisi wenye vyumba saba tunakodi viwili Makongeni ya Thika, kwa nyumba inayovuja, landlodi ameambiwa mpaka amechoka kuambiwa. Mvua ikianza tu, Zacharia anaruka na beseni la buluu kuliweka kati ya kitanda na kabati. Hata hafikirii. Mkono unaenda wenyewe.

Hilo jina Ikulu lilitoka kwa Nicanor. Nicanor ndiye mwenyekiti wa wazee wa maombi kanisani kwetu. Alishahamia Kahawa Sukari, nyumba nzuri, mawe ya kuchongwa mpaka kwa geti, lakini hajaacha kanisa letu la Makongeni kwa sababu huko kwao mpya hakuna wa kumsifu. Kila Jumapili anamshika mume wangu bega. "Mwenye Ikulu! Mmefika wapi?" Na mume wangu anafura kifua. "Tuko linta, mzee." Tuko linta! Miaka mitano tuko linta! Siku zingine nilikuwa natamani kumtwanga mtu na Biblia, haki ya Mungu.

Februari mwaka huu, Zubeida, ambaye vibanda vyetu vinapakana sokoni, alinipeleka Ruiru kuona nyumba inayouzwa. Chumba kimoja cha kulala, sebule, jiko la kusimama mtu mmoja, choo chetu wenyewe. Ghorofa ya juu kabisa, na juu yake slabu ya zege. Nilifungua mfereji, maji yakatoka. Nikafunga mlango nikiwa ndani peke yangu, nikasimama tu pale, mpaka Zubeida akaanza kugonga akidhani nimezirai. Sikuwa nimezirai. Nilikuwa nalia. Nina miaka arobaini na tisa na sijawahi kufunga mlango ambao ni wangu.

Tena njia ilikuwepo. Kaka yake Zubeida, Abdulnasir, anayeuza vyuma Thika, alikuwa anatafuta ploti ya kujenga stoo zake. Pesa aliyosema atatupa kwa ile ya Landless ilitosha kununua nyumba ya Ruiru, yote, bila mkopo. Ila alitaka jibu kabla Aprili iishe, maana alikuwa ameonyeshwa ploti nyingine. Na hati ina majina mawili, langu na la Zacharia. Bila sahihi yake siuzi hata jiwe.

Nilimwambia akila.

"Chumba kimoja?" akasema, kijiko kimesimama hewani.

"Kimoja, na sebule. Kimeisha. Kina mlango, kina paa."

"Magdalene, unataka niishi kwa sanduku? Nikifa watanitoa kwa dirisha?"

"Watakutoa kwa mlango kama watu wengine. Wewe ni mtu mmoja, si saba. Kui ameolewa, yuko kwake Nakuru. Hivyo vyumba saba vya nani?"

Akasukuma sahani. "Mimi nimezaliwa hapa Makongeni kwa chumba kimoja, watu tisa. Nimelala chini ya meza mpaka nikaota ndevu. Nikaapa. Unanisikia? Niliapa sitakufa kwa chumba kimoja."

Nilikuwa najua hiyo hadithi. Nilimwonea huruma kama dakika mbili hivi. Halafu tone likaniangukia shingoni, na yeye tayari alikuwa ameinuka kutafuta beseni.

Tukaanza vita. Hatukuongea, au tuliongea kwa kupigana. Alienda kunishtaki kwa Nicanor, na Nicanor akaja na wazee wengine wanne kuniketisha chini, kwa hizo hizo sofa zangu, wakinywa chai yangu.

"Mama Kui," Nicanor akasema na ile sauti yake ya madhabahuni, "mwanaume ni nyumba yake. Usimvunje mzee moyo. Nyinyi akina mama mna haraka."

"Haraka gani, mzee? Nilianza kungoja nikiwa na meno yote."

"Ile Ikulu ikiisha utatushukuru. Nyumba ya kukaribisha watu arobaini! Huko Ruiru utakaribisha nani, nzi?"

Wakacheka. Zacharia akacheka pia, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Kucheka kwake. Nikawaangalia mmoja mmoja, nikaamua.

"Mko sawa, wazee," nikasema. "Nimekosa. Jumamosi hii maombi ya nyumba kwa nyumba nipokee mimi. Na tuyafanyie Ikulu penyewe, mbariki hizo kuta."

Nicanor akasema Mungu ni mwema. Zacharia alifurahi sana, Jumamosi asubuhi akavaa koti la harusi. Alitangulia kwa kinyozi kunyolewa ndevu, na mimi nikamwita Kitheka wa mkokoteni.

Tulibeba kila kitu. Sofa, meza, zulia, kabati la vyombo, picha ya harusi, thermosi mbili, sufuria ya mandazi. Kitheka alikuwa ananiangalia kama mtu aliyerogwa, lakini alibeba. Nilitandaza zulia kwa ile sebule ya watu arobaini, juu ya majani. Nilipanga sofa. Nikaning'iniza picha kwa msumari wa fundi. Halafu nikatoa mapazia yangu mazuri, yale ya rangi ya maziwa niliyoyaweka kando miaka kumi na mitatu nisiuze, nikayatundika kwa mashimo ya madirisha. Yalipendeza, wacha nikwambie. Nilisimama pale nikayaangalia na nikachukia kila jiwe.

Wazee wakafika saa nane. Nicanor akasimama mlangoni, yaani pale mlango ungekuwa.

"Mama Kui, hii ni nini?"

"Nimehama, mzee. Niko nyumbani. Karibuni sebuleni, ketini hapo."

Waliketi. Wangefanya nini? Zacharia aliingia nyuma yao na ndevu zake zimenyolewa, akaona kabati lake limesimama chini ya mbingu. Alijua mara moja. Tumeoana miaka ishirini na sita, ananijua.

Nikamimina chai. Upande wa Kilimambogo kulikuwa kumefunga giza tangu saa sita. Niliona, na sitadanganya kwamba sikuona. Aprili ni Aprili. Nicanor akaanza kuomba, akaomba haraka haraka, jicho moja juu. Hakufika amina. Mvua ilishuka bila kubisha, matone makubwa ya kuuma.

Wazee wakaruka.

"Msisimame!" nikawaambia. "Chai bado moto! Mandazi hamjamaliza!"

Wakakimbilia kile kistoo cha saruji, watano wote na vitambi vyao, wakajikaza ndani mpaka mabati yakalia. Mimi nikabaki kwa sofa yangu na kikombe changu. Nikaita kwa sauti, majirani wa Landless wote wasikie.

"Wazee, mbona mnabanana? Kuna vyumba saba! Cha wageni kiko wazi! Ngazi ndiyo ile, pandeni!"

Zacharia peke yake hakukimbia. Alisimama mbele yangu koti la harusi linachuruzika.

"Umeniaibisha," akasema.

"Ndiyo."

"Mbele ya watu."

"Bila watu nimejaribu miaka kumi na mitatu."

Alikuwa ananichukia. Niliona machoni, na mimi nilimrudishia vile vile, bila kupunguza. Mapazia yangu yalikuwa yamelowa yamelala kwa mawe. Picha ya harusi ilianguka, na hakuna hata mmoja wetu aliyeiokota.

"Zacharia!" Nicanor akaita kutoka stoo. "Njoo ujikinge, tusogee, utatoshea!"

Zacharia akageuka akaangalia. Watu wazima watano, kichwa juu ya kichwa, kiwiko kwa mbavu za mwenzake. Aliangalia kwa muda mrefu.

"Ni hivyo tulikuwa tunalala," akasema polepole. Halafu akaninyooshea mkono. "Leta."

Nilikuwa na ile karatasi ya makubaliano ya kumuuzia Abdulnasir ploti, kwenye mfuko wa nailoni, ndani ya sweta. Tulienda mpaka mlango wa stoo, pale mvua haifiki, na hakukuwa na mahali pa kuandikia.

"Mzee, geuka," Zacharia akamwambia Nicanor.

"Nigeuke niende wapi?"

"Geuka tu."

Nicanor akageuka, uso kwa mabati. Mume wangu akaweka karatasi kwa mgongo wa mwenyekiti wa maombi, akatia sahihi. Kisha akanipa bila kuniangalia.

"Haya. Lakini hicho chumba chako hakitanitosha mimi na hasira yangu."

"Hasira iache hapa," nikamwambia. "Imeshazoea mvua."

Hakucheka. Tulihamia Ruiru katikati ya Mei, na hakuniongelesha siku kumi na moja. Kwa nyumba ile! Tunapishana kwa ubavu, tunasikiana tukimeza mate, na mtu haongei. Alikuwa anampigia Kui simu Nakuru: "Mwambie mama yako chumvi imezidi." Na mimi nimesimama hapo kando yake na mwiko. Nikamwambia Kui amwambie baba yake asile. Nilikuwa nimepata mlango wangu, na kila jioni nikiufunga nilikuwa najifungia na adui. Nilianza kujiuliza kama nimeshinda au nimejiharibia tu.

Siku ya kumi na mbili ilikuwa Jumapili. Tulitoka kanisani, yeye akalala kwa sofa na mimi nikawa naosha vyombo. Mvua ikaanza kupiga dirisha, na ilikuwa kali. Nikasikia Zacharia akiruka. Akaja mbio jikoni akanisukuma kando, akachomoa beseni la buluu chini ya sinki, akarudi nalo sebuleni.

Nikamfuata. Alikuwa amesimama katikati ya nyumba, beseni mikononi, kichwa kimeinuka, anatafuta mahali. Akangoja. Akasogea hatua moja kushoto, akangoja tena. Nje maji yalikuwa yanamwagika kama yameudhiwa. Dari ilikuwa nyeupe, kavu.

"Hakuna, Baba Kui," nikamwambia.

Hakulishusha. Alikaa hivyo na shingo yake imenyooka mpaka nikaona mabega yanamtetemeka.

"Maggie," akasema, "watu tisa. Na hakuna hata siku moja mama yangu alilala kavu."

Sikumwambia pole. Nilimnyang'anya lile beseni, nikaenda nalo jikoni kuloweka maharagwe, nikafungua mfereji mpaka mwisho ili asinisikie nikilia.