Upinde wa Nyuzi za Kioo

Mti ukivunjika naujua mlio wake, nimeolewa na seremala. Huu haukuwa mlio wa mti. Ulipasuka kama sahani, na nilipofumbua macho mume wangu, Mrisho, alikuwa amejishika shavu, damu inapenya vidoleni. Nami nilikuwa nimembana mwanangu Mgeni mpaka analia.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na saba, uani kwetu Bagamoyo. Bwana Mpima, Mzungu aliyepima barabara huko Kerege, alikuwa amemletea Mrisho vipande viwili virefu vya nyuzi za kioo, vyembamba kama rula, na gundi ya makopo mawili ya kuchanganywa. Alitaka upinde: mvule katikati, kioo pande zote mbili, mgongoni na tumboni. Ukifaa, angeagiza sita za wenzake, na kazi ingemweka Mrisho nyumbani mwaka mzima. Usipofaa, ni kwenda kukata mkonge Pangani, na waliokwenda kwa miezi sita tumewaona wakirudi baada ya miaka miwili. Mgeni alikuwa hajaota hata jino.

Maelezo ya gundi niliyasoma mimi, maana darasa la jioni nilikuwa nimelimaliza. Mrisho alinitania, akaniita Bibi Mwalimu, lakini alifuata kila neno. Akapiga msasa mvule na kioo mpaka vikapauka. Adhana ya magharibi ikalia, akaenda kuswali.

Nikautazama ule mti, mkavu, na upepo wa chumvi unaingia. Katika nyumba ile mti haulazwi mkavu. Tangu niolewe kazi hiyo ni yangu. Nikachukua kitambaa na mafuta ya ufuta, nikapangusa mvule, nikafuta mpaka mkono hautelezi. Niliona namsaidia; maelezo hayakutaja mafuta. Aliporudi akapaka gundi kwa mwanga wa kandili, akafunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli, akauanika juani siku tatu.

Siku ya nne Bwana Mpima akaja. Mrisho akataka auvute yeye kwanza. Mara ya tatu kioo kikabanduka, kikamchapa chini ya jicho.

Bwana akaokota kipande. Gundi yote ilikuwa imebaki kwenye kioo. Mti ulikuwa safi kana kwamba haukuguswa.

“Fundi, hukupiga msasa,” alisema.

Mrisho akasema alipiga. Bwana akatikisa kichwa, akaanza kukusanya makopo yake. Mama mkwe, Bi Mwanamvua, alinikazia macho kutoka mlango wa jiko, kwani katika mazungumzo ya wanaume nilikuwa siingii. Nikasogea mbele hata hivyo.

“Alipiga,” nikasema. “Ni mimi niliyepaka mafuta.”

Bwana akanusa mti. Bi Mwanamvua akauliza sasa hawa Wazungu walitaka mti upakwe nini, samli?

Hatimaye Bwana akasema kwenye hema lake vimebaki vipande viwili, vya mwisho. Atavileta Ijumaa.

Mrisho hakuwa amenitazama bado. Akageuka, jicho moja limevimba.

“Mama Mgeni, lete mikono.”

Nikampa. Akainusa, kwanza wa kulia, halafu wa kushoto.

“Ijumaa utakaa kwa mama yako mpaka nimalize kufunga.”

Nikaitikia kwa kichwa, na mikono yangu bado ilikuwa ndani ya yake.