Kuni za Kibanda cha Mtoni

Nilikuwa nimechoka, niseme ukweli, nimechoka hadi mifupani. Ukungu ulizuia ndege ya kuturudisha nyumbani wiki nzima, na Mama alikataa katakata kufia kwenye kituo cha afya, ugenini. "Nipelekeni nyumbani," alisema. "Nataka kukata roho kitandani kwangu." Basi tukamzungushia mablanketi, tukamfunga kwenye sleji, kile kitanda cha mbao cha kuburuzwa juu ya theluji. Mdogo wangu Enoch akaendesha pikipiki ya theluji iliyoivuta, mimi nikasimama nyuma ya sleji, tukashuka juu ya barafu ya mto.

Giza lilitukuta kwenye kibanda cha njiani, cha msafiri yeyote. Mtu alituachia kuni kavu, zimepasuliwa, na vibanzi vya kuwashia juu ya jiko. Mungu ambariki, sijui ni nani. Mama alipata joto, akanywa mchuzi wa samaki mkavu, akalala.

Kulipokucha tulikuwa tumeziteketeza kuni zote. Upande wa magharibi mbingu ilikuwa nyeusi, dhoruba inakuja, na nyumbani bado mwendo wa nusu siku.

"Washa pikipiki, twende," nikamwambia Enoch.

"Na kuni?" Mama akauliza kutoka kwenye mablanketi.

"Mama, achana na kuni! Hata pumzi huna."

"Sisi tulikuta, nasi tuache. Mtu akija amelowa, awashe nini? Vidole vyako?"

"Awashe makalio yake!"

Enoch akacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa na hasira ya kulia.

"Bertha, mwanangu, siondoki. Mkinibeba nitapiga kelele hadi nyumbani."

Jamani, kichwa kigumu! Enoch akatazama mbingu, akanitazama mimi, akachukua shoka akaenda kwenye msonobari uliokauka. Nikaketi nikinung'unika. Mama alisikiliza shoka amefumba macho.

"Anapasua vipande vinene mno," akanong'ona. "Mwambie vidogo."

Nikatoka nikamwambia. Niliporudi, Mama alikuwa ameshakwenda.

Nikamwita, nikamtikisa, nikamgombeza kwa sauti. Nusu siku tu, Mama! Nusu siku ungekuwa kitandani kwako! Enoch akasimama mlangoni amekumbatia kuni, akaelewa, akaziweka chini polepole.

"Dada, twende. Dhoruba hiyo."

"Haraka ya nini tena?" nikamwambia.

Nikamnyang'anya shoka, nikatoka, nikavipasua vile vinene vyote, vidogo vidogo, huku nalia.