Sura ya Nne Haifutwi

Hospitalini walimwita Mama Mashuka, maana alikuwa mkuu wa chumba cha kufulia kwa miaka kumi na tisa. Asubuhi alipokea mashuka ya wodi ya wazazi, akatenga yenye damu, akayaloweka. Jioni alikwenda chuo kikuu kusomea shahada ya pili ya falsafa. Wenzake kazini walidhani anatania.

Tasnifu yake ililinganisha mikondo mitatu ya falsafa ya Kihindu. Sankhya inasema tangu mwanzo vitu ni viwili, roho inayotazama na maumbile yanayotembea, na mtu hukombolewa akiacha kuvichanganya. Advaita inasema kilichopo kweli ni kimoja tu, kimetulia tuli, na ulimwengu huu wa rangi na kelele ni mwonekano. Sura ya nne ilihusu tantra, mafundisho ya siri ya waabudu wa mungu Shiva. Hao nao wanasema ni kimoja, ila hicho kimoja ni fahamu iliyo hai, yenye nguvu zake, inayojigeuza ulimwengu kwa hiari yake. Kwa hiyo ulimwengu ni wa kweli.

Msimamizi wake, profesa aliyefundisha Advaita maisha yake yote, alimwambia aifute sura hiyo. Kwake tantra ilikuwa Advaita ileile iliyovalishwa nguo za sherehe. Mama Mashuka aliitikia kwa adabu, akaenda nyumbani, akaongeza kurasa sita.

Dada yake mkubwa, aliyeishi naye, alimsihi ainamishe kichwa mara moja tu, achukue cheti, halafu aamini anachotaka.

"Nikiifuta nitakuwa nimekubali," alijibu, akaendelea kumenya viazi.

Siku ya kutetea tasnifu aliketi mbele ya watahini watatu: profesa, mwalimu mmoja wa idara, na mama mmoja mgeni kutoka chuo kingine. Profesa ndiye aliyeanza. Kama wote wanasema ni kimoja, aliuliza, tofauti iko wapi zaidi ya maneno?

"Iko hapa, Profesa. Hicho kimoja kinatenda au hakitendi? Advaita inasema hakitendi, kwa hiyo inafika kwenye kimoja kwa kuutoa ulimwengu. Hawa wa tantra wanafika kwa kuujumlisha."

Profesa aliuliza kama hayo aliyaokota kwenye mapipa ya sabuni. Mwalimu wa idara alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

"Mengine, ndiyo," alisema Mama Mashuka. "Nimefua damu ya waliojifungua, na ya waliokufa wakijifungua. Sankhya inaniambia nijitenge nayo. Advaita inaniambia nikiamka sitaiona. Nimezisoma zote kwa heshima. Ila siwezi kuandika kwamba ni sawa na ile inayosema hata doa hili ni uhai uleule."

Mgeni aliuliza: kama doa nalo ni uhai huo, kwa nini alifue?

"Kwa sababu na kufua ni huo huo."

Mgeni alitikisa kichwa kukubali, halafu akamshika pabaya. Alimwonyesha kwamba sura nzima ilisimama juu ya tafsiri za watu wengine. Mama Mashuka alikiri kwamba ni kweli.

Wakampa njia mbili: aifute sura afaulu wiki ileile, au abaki nayo na arudi baada ya mwaka akiwa amesoma maandiko yenyewe kwa Kisanskriti, lugha yake ya asili. Profesa alimsogezea kalamu. Akachagua mwaka.

Dada yake hakusema naye siku mbili. Siku ya tatu alimnunulia daftari. Herufi za Kisanskriti zilimtesa; alizibandika juu ya meza ya pasi, akazikariri akikunja mashuka, na mara mbili aliunguza foronya.

Aliporudi mbele ya watahini walewale, sura ya nne ilikuwa imefika kurasa sitini. Wawili walimpitisha. Profesa alitia sahihi mwisho, akamwambia ataandika pembeni kwamba bado anapinga.

"Andika, Profesa," alisema Mama Mashuka. "Na mimi bado napinga."