Panzi Wasiokimbia

Mtaa mzima ulimwita Bomba, kwa sababu ya lile bomba la dawa alilobeba mgongoni kutwa nzima, akiua mende na kunguni kwenye nyumba za watu. Kazi aliijua, hilo halina ubishi. Lakini kinyozi hajinyoi, na nyumbani kwake mende walipita juu ya sinki mchana kweupe bila hata kumwamkia.

Sasa mama mkwe akaleta habari kwamba anakuja kukaa wiki mbili, yeye na chiriku wake. Mke wa Bomba akamnyooshea mumewe kidole. "Mama anakuja na ndege wake. Dawa yako ibaki kazini. Niapie." Bomba akaapa, tena akaapa vizuri, mkono kifuani. Kesho yake, mke yuko sokoni, akawakuta mende wawili wametulia ndani ya kikombe cha wageni. Jamani! Fundi wa wadudu mzima, mama mkwe aje anywe chai na mende? Uzalendo ukamshinda. Akapiga dawa jikoni, akapiga ukutani, na iliyobaki kwenye bomba akaimalizia kwenye majani ya uani. Dawa yenyewe haina harufu. Mke aliporudi alimkuta mumewe amekaa kitini, mpole kama mtoto aliyekula sukari ya kuiba.

Mama mkwe akafika Jumapili. Jumatatu asubuhi, Bomba yuko mezani na chai yake, mama akaingia kutoka uani na mkebe mkononi, anacheka.

"Mkwe wangu, panzi wa kwenu wana adabu! Kwetu namkimbiza mmoja mpaka magoti yanalia. Hapa nainama tu, naokota."

Chai ilimpalia Bomba. Yeye alijua kwa nini panzi wale hawakimbii.

"Wa nini hao, Mama?" akauliza akikohoa.

"Wa huyu mwanangu." Akaonyesha tundu dirishani. Chiriku alikuwa amejikunyata, shingo imeanza kunyonyoka, na tangu safari hajaimba hata mara moja. "Anabadilisha manyoya. Mbegu peke yake hazimtoshi, anataka kitu kinachotembea."

"Wadudu si salama, Mama. Wana uchafu, wana minyoo. Ndiyo kazi yangu, nawajua."

"Wewe unajua kuwaua, baba. Kuwajua ni kitu kingine. Ndege wa porini hupikiwa na nani?"

Mke akaangua kicheko. Bomba akautazama ule mkebe. Angekuwa mtu mwingine angeupokonya, lakini utampokonyaje mama mkwe kitu mkononi? Na kusema ukweli mbele ya mke aliyemwapia, loo, bora ameze bomba lenyewe.

Mama akaketi, sauti ikashuka. "Tangu baba yenu afariki, huyu ndiye ananiamsha asubuhi. Nikisema, ananijibu. Bila yeye nyumba ile ingenimeza." Akafunika mkebe. "Nitampa jioni."

Bomba alitoka na bomba lake, moyo mzito kuliko dawa. Kwa wateja hakwenda. Alikwenda moja kwa moja kwenye uwanja wa nyasi upande wa pili wa reli, mahali ambapo hajawahi kupuliza hata tone, akavua kofia, akapiga magoti. Mpango wake ulikuwa mwepesi: akamate panzi wazima, awabadilishe kimyakimya, ndege apone na siri ipone. Panzi wa pale, ole wake! Akirusha kofia huku, panzi yuko kule. Mwenye duka la vitambaa, mteja wake wa siku nyingi, akasimama barabarani kumshangaa.

"Bomba! Siku hizi unawashika kwa mkono?"

"Nawapa ilani kwanza," Bomba akajibu, akaruka tena.

Hadi saa tisa alikuwa na panzi sita kwenye chupa na suruali imechanika goti. Akarudi mbio, akanyata hadi jikoni, akaufunua mkebe. Mtupu.

Akachungulia sebuleni: mlango wa tundu uko wazi, na mkono wa mama mkwe umo ndani.

"Mama, usimpe!" Alipiga ukelele ambao mkwe hapigi. "Wana sumu! Nilipiga dawa mimi, Ijumaa, jikoni na uani kote. Niliapa nisipige, nikapiga, nikaona aibu kusema. Usimpe, nakuomba!"

Mke alikuwa amesimama mlangoni na ufagio.

Mama mkwe akautoa mkono taratibu. Alikuwa ameshika kikombe cha maji cha ndege. "Nambadilishia maji," akasema. "Njoo huku uone."

Akavuta beseni chini ya meza. Panzi wa asubuhi wote walikuwa chali, miguu juu.

"Mdudu wa kuokota simpi ndege siku hiyohiyo. Namweka kwanza nimtazame. Na panzi anayekaa kungoja kuokotwa, huyo ana lake jambo. Hawa hata saa nne hawakufika."

"Kumbe ulijua, Mama?"

"Nilijua nyumba hii ina dawa. Nilichokuwa nangoja kujua ni kama ina mtu." Akaelekeza kidevu nyuma ya mlango. Begi lake lilikuwa pale, limeshafungwa, na kanga ya kufunikia tundu imekunjwa juu yake. "Basi langu lilikuwa la saa kumi."

Machozi yakimlenga, Bomba akamnyooshea ile chupa ya panzi. Mke akaegemeza ufagio ukutani. "Habari ya kiapo chako," akasema, "tutaizungumza wawili."

Mama mkwe akaipokea chupa, akawamwaga wale sita kwenye beseni safi, akalifunika kwa chekeche haraka maana walikuwa wanaruka kama wamekanyaga moto. Bomba akauliza kwa unyonge kama hao angalau ndege anaweza kupewa leo.

"Kesho," mama akasema. "Wewe nimekuamini, mwanangu. Hawa bado."