Sifuri ya Mpofi

Sifuri ilipotokea kwenye simu, Papa Munyakazi, mkuu wa kamati ya maji ya kijiji cha Mpofi, aliisoma juu ya bega la Aurélie, mpimaji wa maji, kabla Aurélie mwenyewe hajasema neno.

"Zéro! Bamama, maji iko propre! Fungueni robine!"

Vigelegele vikapanda. Mama Emérita, wa kwanza mstarini, akasukuma bidoni yake, dumu la kuchotea maji, chini ya bomba jipya.

Aurélie hakushangilia. Kihisi alichotoka nacho Masisi kilikuwa cha bei nafuu: kijiti cha kaboni kilichounganishwa na simu, kinachotumbukizwa majini na kupima metali kwa umeme mdogo. Juu mlimani wachimbaji walikuwa wakioshea mawe yao katika kijito hichohicho. Alitarajia walau chembe za risasi, metali inayodumaza akili za watoto. Sifuri tupu ilimkera. Akainusa chupa ya maji aliyoletewa na Papa apime; ilinuka uchachu.

"Papa, hii maji ulichota wapi? Kule tiyo ya bomba inaanzia?"

"Kule iko matope, dada. Nilichota chini kidogo, pale bamama banalowekaka mihogo. Maji si iko moja?"

Aurélie akadondosha ndani ya chupa tone la maji ya risasi ambayo kipimo chake alikijua. Mstari kwenye skrini ya simu ulipaswa kupanda. Haukupanda. Uchachu wa mihogo ulikuwa umekipaka kijiti utando, hivyo kilikuwa kipofu.

"Mashini yako imeshiba mihogo sawa sisi," alisema Emérita, na wanawake wakacheka. Tayari alikuwa amejaza kikombe na kukipeleka kinywani mwa mwanawe.

Aurélie akakifunika kwa kiganja. "Ngoja kwanza, mama."

"Papa alisema zéro."

"Papa alisoma. Mimi sikusema."

Akatoa kijiti kipya, akakinga maji bombani kwa chupa safi, akasubiri huku mguu wake ukigonga ardhi. Mtoto akalia kiu. Mstari ukapanda, ukachongoka: risasi mara tatu ya kiwango kinachoruhusiwa.

Aurélie akawageuzia wanawake simu, akawaambia maji yana sumu.

"Basi nimwage maji ku mboga?" akauliza Emérita kwa sauti ndogo.

"Hata ku mboga, hapana."

Emérita akafunga bomba kwa mkono wake mwenyewe, akamwaga maji njiani, akamfunga mtoto mgongoni na kushika njia ndefu ya chemchemi ya zamani. Wengine wakamfuata, bidoni zikigongana.

"Labda mashini inadanganya tena," alisema Papa Munyakazi.

"Labda," Aurélie akajibu, akifungua kijiti kingine apime tena.